Jozi ya Ishirini

Mwuguzi mkuu alipofika karakanani na kusema kwamba tetemeko limeangusha mji mzima ng'ambo ya bahari, na kwamba huko waliovunjika miguu wanahitaji magongo ya kutembelea, jozi ishirini ifikapo Alhamisi, seremala waliyemwita Randa alijibu "sawa" kabla hajafikiri. Ndivyo alivyokuwa: mdomo ulitangulia, akili ikafuata nyuma inahema.

Aliyemkumbusha ni mkewe, huku akishona vitambaa vya kuwekea kwapani. "Dada yako na mguu wake mbovu, huu mwezi wa pili anatembea kwa kushikilia viti. Kila ukiulizwa magongo yake, kesho. Leo watu usiojua hata salamu yao wamekuwa wa kwanza?"

Randa aliinamia ubao. Ni kweli kinyozi hajinyoi, lakini huyu alikuwa dada yake wa damu, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Basi akafanya kazi mchana kutwa, siku tatu, na magongo ya dada akayatia humohumo, marefu kidogo, maana dada ni mlingoti wa mtu. Alhamisi asubuhi mbao zikamwishia. Akahesabu: jozi ishirini kamili, pamoja na ya dada.

Gari la hospitali lilipopiga honi, mkono wake ukaisukuma jozi moja chini ya maranda.

"Kumi na tisa," alisema bila kumtazama mtu.

"Kumi na tisa si haba, fundi. Mungu akubariki," alisema mwuguzi mkuu, na shukrani ile ikamchoma kuliko lawama.

Dada alipoyapata magongo yake alitoka mlangoni, akavuka uwanja mpaka kwa jirani muuza mkaa, akamtania, akarudi jasho linamtiririka na kicheko juu. Randa alitaka kufurahi. Furaha ikaja nusu.

"Na ya wale wenzetu wa ng'ambo ulimaliza?" dada aliuliza.

Kudanganya mara mbili kwa siku moja kulimshinda. Akamweleza.

Kicheko kikakauka. "Yaani kuna mtu huko anatambaa kwa ajili yangu?"

"Dada, hata hawakujui."

"Na sisi mafuriko yalipotukumba, nani alitujua? Si wageni waliotuletea mahema?"

"Yaliyotuchemsha kama viazi! Aliyekutoa majini ni huyo jirani wa mkaa, si mgeni."

"Namjua aliyenitoa majini. Lakini walikuja, mdogo wangu. Walikuja." Akaketi, akamsukumia magongo. "Kimbia."

Akakimbia mpaka hospitalini. Gari lilikwishaondoka. Mwuguzi mkuu akamwambia lipo jingine Jumatatu, ayaache tu mezani. Randa akasita. Wodini, mzee mmoja alikuwa akienda msalani kwa mguu mmoja, mkono ukutani, anaruka, anapumzika, anaruka. Randa akamtazama yule mzee, akayatazama magongo. Mwisho akayaacha mezani, kama alivyoagizwa, akaondoka haraka asije akaulizwa kitu.

Alimkuta dada ameegemea fremu ya mlango.

"Yako wapi?"

"Nimeyaacha. Si ulisema?"

"Nilisema kwa hasira! Mtu mzima huwezi kutofautisha?" Kisha akajifuta uso kwa upindo wa nguo. "Au umefanya vizuri. Sijui. Usiniulize mimi."

"Sasa nimuulize nani?"

Randa akarudi karakanani, akalipindua benchi la wateja, akalikata miguu, akaupasua ubao wake.

Kabla jua halijazama dada alikuwa na magongo mengine, mazito, moja limelizidi jingine inchi nzima. Akaenda nayo mpaka barabarani, safari hii bila kumtania mtu. Kesho yake wateja walisimama, wakauliza benchi limekwenda wapi. Randa akafungua mdomo, ule uliozoea kutangulia, na kwa mara ya kwanza haukuwa na la kusema.