Sketi Nyeusi Jumapili

Mimi Moelagi nilikaa miaka mitano bila hedhi, nikasahau kabisa habari zake. Halafu, nikiwa na hamsini na saba, damu ikarudi. Muuguzi anayenipima sukari kila mwezi akaniambia damu ya umri huo si ya kungojea, huenda ni saratani ya mji wa mimba. Akanipangia hospitali Jumatatu. Lakini kabla ya Jumatatu kulikuwa na Jumapili, na hapa Savai'i, kisiwa cha Samoa, wanawake tunaingia kanisani na nyeupe tupu, kofia mpaka sketi.

Nikavaa sketi nyeusi. Ningefanyaje?

Wifi yangu Fuatino, dada wa mume wangu na mwenyekiti wa akina mama, alinisimamisha mlangoni mbele ya kwaya nzima. Akauliza nimefiwa na nani. Nikamjibu sijafiwa. Akasema basi nikae nyuma, nisiwaharibie safu. Huyo mwanamke ananiandama tangu nilipoolewa, na mimi sijawahi kumpenda, nisiwadanganye.

Nilikaa nyuma kwa hasira, na kwa hofu pia.

Mchana tulikula kwake kama kawaida: magimbi ya tui, nguruwe, nyama ya kopo, kakao yenye sukari ya kumwaga. Akanijazia sahani. Nikasema muuguzi kanikataza, nipunguziwe. Akacheka, akawaambia wote waliokaa pale kwamba bibi huyu siku hizi kawa mzungu, chakula chetu hakifikii hadhi yake, nguo zetu pia hazifikii. Watu wakacheka. Mume wangu Tavita akainamia sahani yake. Mbele ya dada yake huwa hana mdomo.

"Natoka damu, wifi," nikasema. "Wiki ya tano hii. Kesho naenda kuangaliwa kama ni saratani. Ndiyo sababu ya sketi. Umeridhika?"

Wanaume wakainuka mmoja mmoja, wakatoka nje. Nilijua nimemvunjia heshima dada wa mume wangu nyumbani kwake, na kwetu hilo halisahauliki upesi. Fuatino alianza kukusanya sahani, hata zenye chakula.

Kesho yake daktari, binti mdogo mkali, hakunibembeleza. Alisema uzito na sukari vinaongeza hatari: mafuta ya mwili yanatengeneza homoni, insulini nayo inazidi, na utando wa ndani wa mji wa mimba unakua kupita kiasi. Si kila mwenye sukari anaugua hivyo, alisema, wala si adhabu. Akachukua kinyama cha kupima, akanisifu kwa kuwahi.

Nilipotoka nikamkuta Fuatino kwenye benchi, kavaa nyeusi juu mpaka chini. Nikajua kaja kunitukana, nikajiandaa kumpa yake.

"Mimi damu ilinianza mwaka jana," akasema bila kuniangalia. "Kila Jumapili nafunga vitambaa vitatu ndani ya hiyo nyeupe. Nilipokuona na nyeusi yako nilitaka kukupiga."

Sikuwa na neno la huruma, na ningekuwa nalo nisingelitoa. Mwaka mzima, mpumbavu huyu. Muuguzi wa pale akaita jina la Fuatino. Hakuinuka. Nikamshika mkono, nikamvuta kwa nguvu mpaka akasimama, nikamsukuma ndani.

Pale alipokuwa amekaa benchi lilikuwa na damu. Nikatoa kitambaa changu cheupe cha kanisani, nikaifuta kabla watu hawajaona.