Fomu ya Utayari

Kikohozi kilimkuta Scholastica moto ukiwa ndani ya mdomo.

Alikuwa amechuchumaa chooni, nyuma ya chumba cha brashi, mlango ameuzuia kwa goti. Kwa miaka ishirini na saba alivuta sigara hivyo: upande unaowaka ndani, juu ya ulimi, midomo imefumbwa, moshi ukitoka kidogo kidogo puani. Ndivyo walivyovuta wanawake wa kambi ya mkonge alikozaliwa, mama yake akiwa mmojawapo, ili cheche isionekane na mtu asipate la kusema. Mwanamke mwenye sigara mkononi ana jina lake mtaani, na jina hilo halifutiki. Miaka yote hiyo hakuwahi kujiunguza.

Siku hiyo kifua kilimruka. Kipande kikamgeukia ulimini, akakitema sakafuni, akabaki ameshika ukuta huku machozi yakimtoka. Alipofumbua macho aliona majivu, mate, na ndani ya mate uzi mwekundu mwembamba. Alimwaga maji. Akamwaga tena. Kisha akatulia palepale, akisikiliza kama kuna mtu nje.

Kulikuwa na mtu.

"Mama Irine," sauti ya kiume ilisema taratibu. "Toka tu. Hakuna mwingine huku."

Alikuwa Valentino, mfunga marobota. Miaka kumi na tisa walikuwa wamefanya kazi jengo moja katika shamba lile la mkonge nje ya mji wa Kilosa, ambalo watu waliliita Kampuni bila jina lingine. Scholastica alilisha nyuzi kavu kwenye mashine ya brashi, iliyozichana na kuzisafisha. Valentino alizishindilia upande wa pili zikawa marobota. Katikati yao hewa ilikuwa nyeupe kwa vumbi. Mashine ikishawashwa asubuhi, mtu aliyesimama hatua kumi mbele yako ulimjua kwa mwendo, si kwa sura. Kila mmoja alijifunga puani alichokuwa nacho, fulana kuukuu au kipande cha khanga, na jioni alikikung'uta ukutani.

"Umejua tangu lini?" Scholastica aliuliza.

"Tangu mwaka ule mafuriko yalipobeba reli. Sijamwambia mtu." Valentino alitazama chini. "Nimesikia unavyokohoa. Hata mimi nakohoa hivyo. Nesi ameanzisha kikundi cha wanaotaka kuacha. Jumatano, baada ya kazi. Twende."

"Wanawake wapo?"

"Hawapo. Utakuwepo wewe."

Alikataa. Wiki mbili alikataa, mpaka asubuhi moja nyumbani kwake, mtaa wa Magomeni hapo Kilosa, alipotema kwenye beseni la kuogea, akauona ule uzi tena, mnene zaidi. Nje ya mlango Irine, binti yake, alikuwa akiimba wimbo wa kwaya huku akimvalisha mtoto. Scholastica aliosha beseni kwa mchanga. Jumatano ile alikwenda.

Zahanati ya Kampuni ilikuwa chumba kimoja chenye kitanda na mzani, na Nesi Filomena ndiye aliyekuwa kila kitu humo. Alikuwa mtu mwema. Hata baadaye Scholastica hakulikana hilo. Alikuwa amehudhuria semina Morogoro, akarudi na fomu zilizoandikwa juu kabisa *Utayari wa Kuacha Tumbaku*. Watu tisa walikaa kwenye benchi mbili kwa nyuma, kivulini. Wote walitoka chumba cha brashi na chumba cha marobota, ingawa hakuna aliyelitaja hilo siku ile.

"Toka sifuri mpaka kumi," nesi aliuliza, "uko tayari kiasi gani?"

"Mbili," alisema Valentino. "Nikitaja zaidi nitakuwa nakudanganya."

Watu walicheka. Zamu ya Scholastica ilipofika, kicheko kilikatika. Alijua walichokuwa wakikiangalia: mama mtu mzima, anayepika uji kwenye misiba yao.

"Nne," alisema.

"Kwa nini nne, mama? Kwa nini si moja?"

Alikuwa hajawahi kulitamka. Lilitoka lenyewe.

"Natema damu."

Kalamu ya nesi ilisimama. Kisha Ashrafu, kijana aliyepima marobota, akasema chini chini, "Hata mimi." Akaongeza, kama anayejitetea, "Na sigara nimeanza mwaka jana tu."

Hapo wakaanza kusema, mmoja mmoja, mambo ambayo wake zao hawakuyajua. Scholastica naye alieleza yote: miaka, idadi kwa siku, choo, moto ndani. Kadiri alivyoendelea kusema ndivyo alivyoona kwamba hakuna aliyegeuza uso. Nesi aliandika. Fomu ilikuwa na maswali ishirini na mawili, na la vumbi halikuwemo. Mwishoni Scholastica aliweka sahihi.

"Ni siri yetu hapa," nesi alisema, akazifunga fomu kwa kamba.

Siku ya tatu tangu aache ilikuwa mbaya kuliko zote. Mikono ilikosa pa kukaa, akamfokea mjukuu bila sababu, akalia. Walikuwa wamekubaliana na Valentino kwamba hamu ikimshika mmoja wakiwa kazini, wakutane bombani, watafune tangawizi na kunywa maji mpaka ipite. Ikimshika nyumbani, apige simu.

"Imenishika," alimwambia kwa simu Jumapili hiyo, amejificha nyuma ya banda la kuku.

"Uko wapi?"

"Kwenye kuku."

"Nihesabie."

"Wako wanne, Valentino."

"Nihesabie tena. Polepole."

Akawahesabu mara saba. Ikapita.

Wiki ya sita ilifika hajaweka sigara mdomoni. Jumatano watu walimpigia makofi, Ashrafu akamletea embe. Ila kikohozi hakikuondoka. Sasa kilimwamsha kabla ya jogoo, kikamwacha amekaa kitandani akivuta hewa kama anayepanda mlima. Na hofu ilikuwa imebadilika. Zamani aliogopa huku akijua anachokiogopa, na ilikuwa juu yake kukiacha. Sasa amekiacha, na kile kitu kilikuwa bado kinamla.

Nesi alimwandikia karatasi ya kwenda Mikumi kupigwa picha ya kifua. Daktari aliyempokea alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi. Aliitazama picha kwenye mwanga muda mrefu.

"Sigara umeacha kweli?"

"Kweli, daktari. Wiki ya sita."

"Hongera. Usirudi, hiyo peke yake itakuongezea siku." Alishusha picha. "Unafanya kazi gani?"

"Mkonge. Kwenye brashi."

"Miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Wanakupa nini cha kufunika pua?"

"Khanga."

"Wanakupa khanga?"

"Ni yangu, daktari."

Daktari alichukua kalamu. Aliandika ukurasa mzima, akaugonga muhuri, akaambatanisha fomu ya madai ya fidia ya mtu aliyeugulia kazini. "Hapa anajaza mwajiri," alisema, akigonga karatasi kwa kidole. "Ajaze mbele yako. Asikwambie urudi kesho. Na kwenye vumbi lile usirudi kabisa, mama. Kabisa."

Njia nzima ya kurudi Kilosa Scholastica aliishikilia bahasha kifuani kwa mikono miwili.

Lupakisyo, afisa utumishi, alikuwa na umri wa kuwa mwanawe. Aliinuka kumpokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Karibu ukae. Pole na safari."

Aliisoma karatasi ya daktari, akairudia. Hakukasirika. Kisha akafungua kabati na kutoa faili la bluu.

"Mama, sahihi hii ni yako?"

Aliitambua kamba kabla ya sahihi.

"'Nimevuta kwa miaka ishirini na saba,'" Lupakisyo alisoma, sauti ile ile ya heshima. "'Navuta moto ukiwa ndani ya mdomo ili watu wasinione.' Ni maneno yako?"

"Nilimwambia nesi."

"Nesi ni mfanyakazi wa Kampuni, mama. Kama wewe."

"Na vumbi?"

"Vumbi lipo. Barabarani lipo, hata kwangu nyumbani lipo." Alifunga faili taratibu. "Lakini mtu amejiwekea moto mdomoni miaka yote hiyo, kwa hiari yake, halafu lawama tumpe mwajiri? Wewe mwenyewe, mama, ungeamuaje?"

Alimsogezea barua iliyokwisha kuchapwa. Ilisema kwamba yeye, Scholastica, anakiri ugonjwa wake umetokana na tabia yake binafsi na hana dai lolote. Akisaini, angehamishiwa kufagia uwanja, nje, penye hewa. Asiposaini, mkataba ulikuwa unaisha mwezi ujao, na Lupakisyo hakuwa na sababu ya kuandika mwingine.

"Tena haya mambo yakienda kwenye shauri," aliongeza, "yanasomwa mbele za watu. Irine si ndiye yule mwalimu wa chekechea ya kanisani? Mimi nakuonea huruma tu, mama yangu. Una mpaka Ijumaa."

Alipotoka, Nesi Filomena alikuwa amesimama mlangoni pa zahanati. Hakuweza kumtazama usoni.

"Waliniambia ni za ripoti," alisema. "Wamechukua zote tisa."

Valentino alikuwa bombani. Alikuwa akivuta, mchana kweupe, pakiti iko wazi mkononi. Scholastica hakuhitaji kuuliza.

"Nimesaini barua yao juzi," Valentino alisema. "Niliogopa, Mama Irine. Nilitaka kukuambia, nikaogopa na hilo." Alitikisa majivu. "Ashrafu naye kasaini. Hata kuisoma hakuisoma."

Hamu ilimpiga Scholastica kama maji ya mto, ikambeba miguu. Haikuwahi kuwa hivyo, hata ile siku ya tatu. Akanyoosha mkono.

"Nipe moja."

"Sikupi."

"Valentino, nipe."

"Sikupi!" Aliitupa aliyokuwa akivuta, akaikanyaga, akatumbukiza pakiti mfukoni na kuikandamiza kwa kiganja. Macho yalimwiva. "Nimesaini, sawa. Nimewauza watu, sawa. Hii sikupi." Akafungulia bomba, akamkingia maji kwa viganja vyake viwili kwa sababu kikombe hakikuwapo. "Kunywa. Tutasimama hapa mpaka ipite."

Wakasimama. Ilichukua muda mrefu.

Jioni Scholastica alimkuta Irine uani akichambua mchele. Akakaa kwenye kigoda akamweleza yote, kuanzia chooni mpaka barua. Vidole vya Irine viliacha kutembea kwenye ungo.

"Damu, mama?"

"Damu."

"Na hayo ya sigara, yameandikwa? Kwa jina lako?"

"Yameandikwa."

Irine alitazama uzio wa jirani, kisha akainamisha kichwa na kuendelea kuchambua, haraka sasa, akitupa chuya na mchele mzima pamoja.

"Saini tu, mama," alisema. "Yaishe. Watu wasijue."

Usiku huo hapakuwa na mwingine wa kumwambia.

Alhamisi asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, watu tisa wa kikundi waliitwa mbele ya chumba cha brashi. Mpiga picha alikuwa amekuja kutoka makao makuu. Kitambaa kilikuwa kimetundikwa ukutani: *Mahali pa Kazi Pasipo na Moshi, Afya Yako Kwanza*. Lupakisyo alipita na katoni akigawa barakoa, mpya, nene, zenye kichujio kila shavu, moja moja katika mfuko wake wa nailoni. Watu walizigeuzageuza. Ashrafu alivaa yake juu chini, wakamrekebisha.

Scholastica aliifunga ya kwake. Ilinusa mpira. Alivuta pumzi akasubiri kikohozi, kwa mazoea, na hakikuja. Akavuta ya pili. Mbele ya pua yake palikuwa na hewa tupu, isiyo na kitu ndani yake, kwa mara ya kwanza katika jengo lile baada ya miaka kumi na tisa.

"Mama, wewe njoo katikati," mpiga picha alisema. "Wewe ndiye mfano."

Picha zikapigwa, nne, kisha mbili za kuongezea. Mpiga picha akafunga begi lake. Ndani, mtu akavuta swichi, mashine ya brashi ikaguna na kushika kasi, na vumbi jeupe likaanza kutoka mlangoni chini chini, usawa wa vifundo vya miguu. Lupakisyo alirudi na katoni. Mmoja baada ya mwingine wakavua, wakarudisha. Valentino alirudisha bila kuinua macho, akajifunga fulana yake, akaingia.

Katoni ilifika kwa Scholastica.

"Mama," Lupakisyo alisema, "zinatakiwa shamba lingine kesho. Nao watapigwa picha."

Alisikia pumzi yake mwenyewe ndani ya mpira, ikiingia, ikitoka. Hakuinua mikono.

"Mama," alirudia Lupakisyo kwa adabu, akanyoosha kiganja mbele ya uso wake, na vumbi likaanza kutua juu ya kiganja kile kilichokuwa kikisubiri.