Ramani wa Maegesho

Mtaani kwetu wananiita Ramani. Jina hilo sikujipa mwenyewe, ila sikulikataa pia, na mtu akiniita hivyo mbele za watu kifua hunijaa chenyewe. Mimi ni dereva wa basi la watalii wa ndani: walimu walio likizo, vikundi vya akina mama, maharusi, wafanyakazi wa benki wanaopongezwa mwisho wa mwaka. Nimewapeleka watu wa nchi hii kuiona nchi yao mpaka usukani umenitia sugu viganjani. Ukitaka kujua uende wapi na watoto, unakuja kwangu. Mwenye saluni ameshaniuliza, fundi bomba ameshaniuliza, hata daktari mmoja alisahau kunipima presha akawa anaandika njia ya kwenda kwenye maporomoko.

Nami sina hiyana. Nikianza kueleza, kuninyamazisha ni kazi.

Mtu pekee ambaye hakuwahi kuniuliza ni mke wangu. Yeye ni fundi cherehani, ana chumba chake cha kazi hapo mbele ya nyumba, na nilipokuwa narudi na vumbi langu alikuwa ananipa pole, kisha anaendelea na mashine yake. Nilidhani ameridhika. Mtu akikaa kimya, mimi huwa namjazia majibu mwenyewe, na majibu ninayojaza huwa yananipendeza.

Basi kitinda mimba wetu alipoolewa na nyumba ikabaki na sisi wawili, mke wangu akaweka mkasi chini Jumapili moja akaniambia kuwa kaka yake amemwita. Huyu shemeji yangu ana duka la sare za shule katika mji mwingine, mbali na kwetu, na alitaka dada yake akasimamie mafundi. Nyumba ya kuishi ipo. Nikauliza ni kwa muda gani, akasema moja kwa moja.

"Sikukimbii," alisema. "Nimechoka tu kukaa na mgeni. Wewe hapa unakuja kufuliwa nguo."

Nilitaka kukasirika, nikakosa pa kuanzia. Yeye akaendelea kwa sauti ile ile ya kumpima mteja kiuno. Alisema likizo yangu imekaribia, basi nimtembeze kwenye sehemu ninazozipenda kuliko zote, hizo ninazomwachia nyumba kila wiki kwenda kuziona. Akishaziona ataamua, na likizo ikiisha atampigia kaka yake simu ya kukubali au kukataa.

Mwanaume mwenye akili angepoteza usingizi. Mimi nilifurahi. Nilijiona nimeshashinda, maana kwa somo hilo mwalimu si ndiye mimi? Likizo ilipofika nikamwomba tajiri wangu, mwenye mabasi, aniazime kigari chake kidogo. Akakubali, na asubuhi iliyofuata tukaondoka, nikipiga mluzi.

Tulianzia kwenye maporomoko. Mlinzi wa lango aliponiona tu akafungua bila kudai tiketi, akataka kujua leo nimeleta wangapi. Nikamwambia nimeleta mmoja, ila huyu ni mzito kuliko basi zima. Mke wangu akatabasamu. Nikaona mambo ni moto.

Nikaingiza gari kinyumenyume kwenye sehemu yangu. Nikamweleza mke wangu kwamba hapa kivuli hakihami mpaka alasiri, kwamba upepo unapita kwenye pengo la ukuta ule, na kwamba choo kisafi si kile chenye kibao bali kile kilichojificha nyuma ya kibanda cha tiketi. Siri hizo watu hawazijui. Halafu nikalaza kiti, nikavua viatu.

Akaniuliza kama hatuendi. Nikamwambia aende tu bila wasiwasi, mimi nipo.

Haki ya Mungu, sikuona kosa lolote. Dereva hukaa na gari, wageni huenda kutazama, ndivyo dunia yangu ilivyopangwa. Alisimama kidogo mlangoni, kisha akaenda peke yake. Aliporudi upindo wa gauni umelowa na uso unang'aa, akaniuliza kama nimewahi kusimama kwenye lile jiwe bapa ambapo maji yanakurukia mpaka unacheka bila sababu. Nikamjibu kuwa sauti ya maji hayo naijua vizuri sana, huwa inaniletea usingizi mzuri.

Akainama kukamua upindo wa gauni. Nikajaza jibu mwenyewe.

Kwenye magofu ya mji wa kale nikaamua kumwonyesha utaalamu. Nilisimama naye pale pale kwenye maegesho, nikakohoa kama wafanyavyo waongoza watalii, nikaanza: hapa aliishi mtawala mmoja mkali, na mtawala huyo alikuwa na binti, na binti huyo akakataa kuolewa na mtu aliyechaguliwa, na asubuhi moja akachukua funguo za lango la mji. Mke wangu alikuwa amenikazia macho, hata nikajisikia kupendwa.

"Ikawaje?" akauliza.

Ikawaje? Nami nilikuwa sijui ikawaje. Maneno yale nimeyasikia kwa miaka mingi kupitia dirisha la basi, na kila mara wakifika kwenye funguo, muongozaji anageuka na wageni wake, wanaingia ndani, sauti inapotea. Nilijaribu kubuni. Nikasema binti akafariki. Bibi mmoja wa usafi aliyekuwa anafagia karibu yetu akacheka sana, akasema binti ndiye aliyetawala baadaye, kaburi lake lipo ndani na lina kibao, niende nikasome.

Niliwahi kupasukiwa na tairi kwenye kona mbaya na basi likiwa limejaa. Siku hiyo nilipata aibu ndogo kuliko hii.

Tukashika njia ya kwenda kwenye kilima chenye ngazi za mawe, sehemu niliyoiweka mwisho kwa sababu naipenda kuliko zote. Mlinzi wa pale huwa ananitolea kiti. Njiani mke wangu akaniambia nisimfiche, nimtajie ni sehemu ngapi kati ya hizi zote nimewahi kuingia ndani. Nikaanza kuhesabu, nikakuta hakuna cha kuhesabu. Nikasema wakati ule nilikuwa kazini, nilikuwa nasubiri watu.

"Ulikuwa unalala," alisema. "Mimi nipo nyumbani nakuonea wivu, najiambia huko kuna mazuri yasiyomruhusu kurudi. Kumbe mwenzangu umelala garini. Usingizi si hata nyumbani upo, baba watoto?"

Hapo ndipo nilipoogopa. Niliogopa kweli. Kwa mara ya kwanza nilimwona akifunga mashine yake kwenye gunia na kupanda gari la kwenda kwa kaka yake, na dereva wa gari hilo si mimi.

Tulipofika, alishuka kabla sijazima injini, akaanza kupanda ngazi bila kugeuka. Mlinzi akanitolea kiti kama kawaida. Nikakitazama kile kiti, nikafunga gari, nikapita langoni nikimfuata mke wangu. Mlinzi akaniuliza kwa huruma kama naumwa.

Sikuwa naumwa, ila nilikuwa njiani kuumwa. Kitambi changu kilikuwa kimezoea kusafiri kwa kukaa. Wanafunzi wakanipita, mama aliyebeba mtoto mgongoni akanipita, bibi wa watu mwenye fimbo akanipita na kunipa moyo nisikate tamaa. Nilimkuta mke wangu katikati ya ngazi, amekaa kwenye jiwe, ananitazama ninavyohema.

"Nitamwambia kaka atafute mtu mwingine," alisema. "Na wewe mwambie tajiri wako atafute dereva mwingine. Magari ya hapo mjini yapo, utaendesha na utarudi jioni kama watu."

Nikasema sawa, tukirudi nitamwambia. Akasema hapana, sasa hivi. Nikatoa simu. Hakukuwa na mtandao, na nilimshukuru Mungu kwa dhati. Nikamwonyesha kioo cha simu, nikajitia masikitiko. Muongozaji mmoja aliyekuwa anashuka na wageni akaona nahangaika, akaniambia mtandao unapatikana vizuri kileleni. Wasamaria wema wengine hawana kazi za kufanya.

Ndivyo nilivyofika juu, nikipanda kwenda kuacha kazi. Huko kuna uwazi wa mawe, na ukisimama pale unaona nchi imetandazwa mpaka mwisho wa macho, mashamba, mto unaojipinda, barabara nilizozipita maisha yangu yote zikiwa nyembamba kama uzi. Nilipigwa na butwaa. Nilikuwa nimewaleta maelfu ya watu waone hiki, na mimi niko chini nakoroma.

Nikampigia tajiri. Nilijiandaa kwa vilio vyake, nilishapanga hata maneno ya kumfariji. Akasikiliza, akasema haina shida, kuna kijana anamsumbua kuhusu nafasi hiyo tangu mwaka jana, na kigari nikirudishe kimeoshwa. Akakata.

Nikabaki nimeshika simu sikioni muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mke wangu akaniuliza amesemaje.

"Amenisihi sana nisiondoke," nikasema.

Akanitazama. Simu yangu ina sauti kubwa, alikuwa amesikia yote mpaka habari ya kuosha gari. Nilitegemea acheke, na nilistahili kuchekwa.

"Aliyekuwa anakusihi usiondoke ni mimi," alisema. "Ulikuwa unapiga honi, unaondoka."

Safari hii sikujaza jibu lolote. Nikakaa kando yake juu ya mawe, tukatazama nchi yetu mpaka mlinzi alipopanda kutuambia wanafunga lango.