Jicho la Kuruthumu

Kuruthumu alipokuja Kariakoo kwa mdogo wake Sitara, mwaka wa tatu tangu yeye na mumewe wahamishiwe kijiji cha ujamaa ndani huko Kisarawe, aliuona mji kama mtu anayeota. Moshi wa mkaa, magari, watu wa Msimbazi wakipita, vyote vilikuwa vivuli vinavyoelea ndani ya maziwa. Alidhani ndivyo uzee unavyoingia, taratibu kama ukungu.

Sitara alimgundua kwenye chai. Dada yake alikuwa akiimimina nje ya kikombe huku akitabasamu.

"Dada, huoni?"

"Naona mwanga. Mzuri tu."

"Tangu lini?"

"Masika tatu sasa."

Sitara akauliza mbona hakwenda zahanati. Kuruthumu akamweleza polepole, bila kulalamika. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya mto, mwendo wa alfajiri hadi adhuhuri, na mvua zikinyesha hapavukiki. Mara ya kwanza hakumkuta mganga, alikuwa amefuata dawa wilayani. Mara ya pili alimkuta, akaambiwa macho yale yanataka hospitali ya mjini. Mumewe akasema hiyo ni kazi ya Mungu, tena nani angemshika mkono njia nzima?

"Basi nikazoea," akasema.

Kesho yake wakavuka Mnazi Mmoja kwa miguu, wameshikana vidole, jua likimmwagikia Kuruthumu kama unga. Hospitalini daktari alimmulika jicho moja, kisha la pili.

"La kushoto limekwisha, mama. Ungekuja mwaka juzi tungeliokoa. La kulia tutalifanyia upasuaji."

Wiki kadhaa baadaye walimvisha miwani mizito. Kuruthumu akatazama kwanza mikono yake mwenyewe, kisha mwanamke aliyeketi mbele yake, mwenye mvi na mikunjo. Akamgusa shavu.

"Sitara, umezeeka lini?"

Sitara akacheka huku machozi yakimtoka.

Kuruthumu alirudi kijijini na jicho lake moja. Kiangazi kilichofuata, Sitara akiwa barazani, alimwona anakuja taratibu kutoka upande wa Jangwani. Nyuma yake walifuatana wanawake wawili, mmoja ameshika upindo wa kanga yake, wa pili ameshika wa mwenzake, nyuso wameziinua juani.

"Majirani zangu hawa," Kuruthumu akasema. "Tumetembea siku mbili. Wape maji, halafu twende."