Upande wa Maiti

Usiku wa jana niliota nimeua mtu kwa kumvalisha nguo.

Kabla hamjaniitia polisi, nieleze. Marehemu anaitwa Tulivu na hana mwili. Ni avata wa dada yangu Mwajabu, yaani yule mtu wa kwenye simu anayetembea badala yako katika ule ulimwengu wa mtandaoni ambako watu wa nchi mbalimbali hukutana, wakavaa kimono za Kijapani, wakatazamana. Da Mwajabu ni msusi hapa Tanga. Mchana kutwa vidole vyake vimo kwenye vichwa vya watu. Jioni anakaa mkekani kumvalisha Tulivu. Miezi minane sasa tangu aanze. Mama ameshazoea. Huita kutoka jikoni, "Tulivu keshavaa? Basi njoo ule wewe."

Wiki iliyopita Tulivu alialikwa kwenye gwaride la mwezi wa tano. Haalikwi kila mtu. Da Mwajabu alisoma ule mwaliko kwa sauti mara tatu. Gwaride lenyewe ni leo asubuhi.

Sasa jana, da Mwajabu alikwenda kuoga, akaniachia simu niichaji. Nikamwona Tulivu kwenye kioo cha simu. Kapendeza, siwezi kusema uongo, ila kifuani amefungwa kama shati la mwanamume: upande wa kushoto umelala juu ya wa kulia. Mimi ni mtoto wa fundi cherehani. Tangu nikiwa kidato cha pili namshonea mama vifungo, na kwa mama blauzi ya kike hufungwa kulia juu. Nikamhurumia dada yangu. Nikageuza kulia juu, nikabonyeza Hifadhi, nikarudisha simu kwenye chaji. Kisha nikafunga kiunoni msuli wangu wa kulalia, ule wa miraba ya buluu wenye tundu lililounguzwa na pasi, nikalala kama mtu aliyetenda wema.

Katika ndoto nimesimama mbele ya geti la mbao. Nimevaa msuli na fulana. Mlinzi wa geti ni kitana. Kitana cha mti cha kawaida, meno marefu, kimesimama wima na hakicheki.

"Mwezi gani kichwani?" kinaniuliza.

"Sina kitu kichwani."

"Hilo linaonekana. Nimeuliza mwezi."

Nikageuka nyuma. Foleni ya akina mama waliovaa kimono, na kila mmoja kachomeka pambo kwenye nywele. Huyu maua, yule majani mekundu, mwingine vipepeo vya kujipepea, vidogo kama kucha.

"Humu ndani kalenda hatuitundiki ukutani," kitana kikasema. "Tunaichomeka kichwani. Wewe ni mwezi gani?"

Nikasema simu yangu ndiyo inayojua. Kitana kikahema kwa meno yote, kikanichomeka njiti ya kiberiti juu ya sikio. "Mgeni asiye na majira. Pita. Na usimpulizie mtu maua yake."

Nikaingia.

Bustani ile haikuwa na majira yake yenyewe. Kila mwanamke alitembea na mwezi wake, hatua tatu kila upande. Mama mmoja alichomeka maua meupe madogo ya mwezi wa pili, na pumzi yake ilitoka kama moshi wa chai. Ubavuni mwake alipita yule wa vipepeo, mwezi wa saba, na nyasi zikakauka alipokanyaga. Nilisimama katikati yao. Sikio la kushoto lilipata baridi, la kulia likatoka jasho. Nyuma yao akaja bibi wa mwezi wa kumi na mbili, kachomeka tawi lenye vidonge vidogo vya unga wa mchele, na theluji ikimwangukia yeye peke yake, kwa adabu, bila kumgusa jirani.

Kisha akapita msichana ambaye kimono yake ilikuwa na mto. Sisemi mchoro wa mto. Maji yalianzia bega la kulia, yakashuka mgongoni, yakaingia mkono wa kushoto wa nguo ulioning'inia hadi magotini. Msichana alisimama kidogo, akangoja bata wavuke kwenye pindo.

"Samahani dada," nikamwambia, "nguo yako inavuja."

"Haivuji," akasema. "Inapita."

Akaenda zake, na mimi nikamfuata kwa macho, njiti ya kiberiti sikioni.

Hapo nikasikia kilio. Chini ya kibanda cha mianzi walikuwa wamekaa watu kwa mstari, na waliokuwa wanalia ni mikono ya kimono. Wenye mikono walikuwa na macho makavu, lakini mikono yenyewe, ile mirefu ya wasichana, ilikuwa inajifuta machozi kwa zamu.

Katikati amelala Tulivu. Kulia juu, kushoto chini.

"Kafa kwa nini?" nikauliza.

"Hakufa kwa kitu," ikajibu kimono yake, kwa sauti ya karani aliyechoka. "Kafungwa kulia juu. Walio hai hufungwa kushoto juu, maiti hufungwa kulia juu. Mimi ni nguo, sibishani. Nimefungwa kimaiti, natangaza maiti."

"Na mkanda wake mpana uko wapi? Ule wa kiunoni?"

"Obi imeondoka. Ilisema ni ya sherehe, haifanyi kazi za msiba."

Kichwani mwa Tulivu lilikuwepo pambo lake la mwezi wa tano: vishada vya maua ya zambarau vinavyoning'inia hadi shavuni. Nalijua pambo lile. Da Mwajabu alizichora petali zake moja moja, na kila akimaliza moja alikuwa ananiita nitazame, na mimi nilikuwa nasema, "Nimeona, ni ndogo." Petali moja ikadondoka.

"Zimebaki saba," likasema pambo. "Ya mwisho ikianguka, mwezi wa tano umekwisha. Maiti haingii mwezi wa sita."

Na pale kwenye kichwa cha Tulivu, kapiga magoti kama anavyopiga kazini, alikuwa da Mwajabu mwenyewe. Anamchana. Polepole, kuanzia nchani, kama anavyowachana watoto wenye kichwa kinachouma.

"Nani kamfunga hivi?" akauliza. Hakuinua macho.

Nikasema, "Labda kajifunga mwenyewe, alikuwa na haraka."

Petali ikadondoka.

"Au umeme ulikatika akavaa gizani."

Petali.

"Au ndiyo fasheni ya mwaka huu, hatujui."

Petali. Ikagusa mkeka, na mikono yote ya kimono ikaguna.

"Zimebaki nne," pambo likasema. "Endelea kuchekesha."

Nikatazama. Da Mwajabu bado anachana. Nywele zimeshanyooka zamani, hakuna fundo hata moja, lakini anachana tu, kwa sababu akiacha itabidi ashike kitu kingine, na kingine hakipo.

"Ni mimi, dada," nikasema. "Niliona umekosea. Niliona wewe miezi minane hujui kufunga nguo, na mimi nimejua kwa dakika moja."

Sikusikia petali. Nikangoja. Hakuna.

Kitana kilikuwa kimeshafika, sijui geti kimemwachia nani. "Aliyefunga ndiye afungue," kikasema. "Na mikono ukanawe."

Nikanawa kwenye mto wa yule msichana, akanishikia mkono wake wa nguo. Maji yalikuwa baridi kweli.

Nikafungua. Chini ya zambarau kulikuwa na kijani cha majani machanga. Chini ya kijani, nyeupe, na kwenye ile nyeupe kulikuwa na mawimbi ya weupe mwingine, ambayo huyaoni mpaka uinamishe kichwa. Ukimvalisha Tulivu, tabaka hizi zote huonekana ukosini tu, kila moja kwa upana wa kucha. Dada yangu alitengeneza bustani nzima kwa ajili ya mahali pa upana wa kucha. Na mimi mtoto wa fundi, niliyekulia kwenye vitambaa, nilitazama nikaona shati.

Nikaanza kufunga. Kulia chini. Kushoto juu. Nyeupe kwanza, kisha kijani, kisha zambarau, na kila nikilaza tabaka moja, shavu la Tulivu lilipata rangi kidogo.

"Ukosi usiubane shingoni," da Mwajabu akasema. "Nyuma uache nafasi ya ngumi."

"Ngumi yako au yangu?"

"Mbaruku," akaniita, kama anavyonikemea nyumbani.

"Yako. Haya."

Nikiwa nafunga zimedondoka petali mbili, zimebaki mbili. Nimemaliza, nimeshikilia kwa mikono yote miwili, na kila nikilegeza kidogo, nguo inaanza kujifungua.

"Hamna obi," kimono ikasema. "Bila obi sina msimamo."

"Iiteni."

"Imesusa," kikasema kitana.

Petali ikadondoka. Imebaki moja, na upepo ulikuwa unaitazama.

Da Mwajabu aliinua macho kwa mara ya kwanza. Hakunitazama usoni. Alitazama msuli wangu.

"Dada, huu una tundu la pasi."

"Naona."

"Na ndani sijavaa kitu."

"Hilo sikuuliza."

Nikafungua msuli wangu mbele ya mkutano wa kimataifa. Mikono yote ya kimono ikajifunika macho, na kwa kuwa haina macho, ikafunika ya wenye mikono. Da Mwajabu akaukunja msuli mara tatu, akauzungusha, akauvuta, akaukunja tena mgongoni ukawa kisanduku kilichonyooka, fundo ambalo sijawahi kuona mtu akilifunga kwa kasi ile. Miraba ya buluu juu ya zambarau. Naapa ilikuwa kana kwamba mama alikuwa amenishonea msuli ule miaka yote kwa ajili ya dakika hiyo.

"Tundu liwe wapi?" nikauliza.

"Nyuma. Juu ya fundo. Ni lako, lionekane."

Tulivu akavuta pumzi. Petali ya mwisho ikatikisika, ikabaki. Akakaa, akajipapasa kifuani, kushoto juu, akanitazama.

"Asante, fundi," akasema. "Sasa geuka, uko uchi."

Nikageuka. Na kwa sababu nilikuwa nimegeuka, niliona bustani yote wakati Tulivu anasimama: miezi yote kumi na miwili ikasogea hatua moja nyuma kumpisha, theluji na jasho na majani mekundu, na katikati ikafunguka njia ya mwezi wa tano, zambarau, hadi mwisho wa macho.

Nikaamka. Jua limeshaingia dirishani. Nimejifunga shuka. Msuli haupo kitandani, haupo chini, haupo nyuma ya mlango.

"Mbaruku!"

Nikatoka na shuka langu. Da Mwajabu amekaa mkekani, simu mkononi, kanga begani.

"Dada," nikasema kabla hajasema, "jana nilimgeuza Tulivu ukosi. Nilidhani umekosea. Nisamehe."

"Ukosi uko sawa," akasema polepole. "Kushoto juu. Gwaride limeshapita, watu wananiandikia tangu alfajiri. Wanauliza kitambaa cha obi nimekitoa wapi."

Kutoka uani mama akaita, "We Mbaruku, msuli wako uko wapi? Nafua!"

Nikalikaza shuka kiunoni. Da Mwajabu alimgeuza Tulivu mgongo, akaikuza picha kwa vidole viwili, akalitazama lile tundu juu ya fundo, limeungua kingo, limechongoka kama ncha ya pasi. Kisha akanitazama mimi, na shuka langu.