Neno Nililomfundisha Kifungo

Haya, kaa vizuri nikutegee, na usimchungulie jirani. Nina mgeni hana kiatu wala fimbo, shule hajaiona hata kwa mbali, lakini akipita sebuleni anaacha ramani sakafuni. Nani huyo?

Usiniambie konokono, konokono ana haya zake, anapita ukutani. Usiniambie mtoto anayetambaa, siku hizi wanafungwa nepi. Umeshindwa? Mji wako baki nao, mimi naishi ghorofa ya tatu, mji nitauweka wapi? Nakupa jibu bure: ni mbwa mdogo asiyejua choo.

Huyo mbwa aliletwa na mwanangu, ndani ya boksi la viatu. Mwanangu ni fundi wa lifti, na jengo tunalokaa halina lifti, lakini hayo tuyaache. Yeye na mke wake wanatoka asubuhi pamoja. Mke wake yuko mapokezi kwenye kliniki ya meno. Mimi nabaki na saa ya ukutani, inanisemesha neno moja siku nzima.

"Mama, huyu atakuchangamsha," mwanangu akasema, akafunua boksi.

Ni wale mbwa wa ndani, aina ambayo hata ikizeeka haimzidi paka. Nywele zilikuwa zimemfunika uso, hujui mbele ni wapi mpaka apige chafya. Nikamwita Kifungo, maana alikuwa mdogo kama kifungo cha koti. Mwanangu akacheka, akasema ni kifungo kweli, miezi sita na kazi ngumu.

Hakukosea. Mwezi wa kwanza nilipanda na kushuka ngazi zile hadi magoti yakaanza kunisemesha. Akiamka, chini. Akila, chini. Akizunguka zunguka akinusa zulia, nakimbia naye chini mkononi kama nimebeba chungu kinachomwagika. Tukifika uani anaketi. Anatazama ukuta kama mzee anayesubiri pensheni. Nasubiri, anasubiri. Tunarudi juu, na akivuka tu kizingiti, chwaa! Halafu ananitazama kama mimi ndiye niliyemwaga.

Ni mbishi, nakuambia. Ukimwonyesha gazeti, analala juu yake. Ukimfokea, anapiga miayo.

Mwanzoni nilikuwa namwambia kwa lile neno letu la wazi, lile tunalowaambia watoto wachanga. Sasa pale uani, karibu na geti, anakaa fundi viatu na kigoda chake. Siku moja nimeinama, namwambia mbwa, "Kojoa! Kojoa basi!" nikasikia, "Bibi, mimi au?"

"Nyamaza wewe!"

"Maana mimi nimeshatoka huko, bibi. Labda jioni."

Nilipanda ngazi uso umeniiva. Mtu mzima mimi, nasimama uani napiga kelele za mkojo mbele ya wanaume! Kuanzia siku hiyo nikabadilisha. Nikatafuta neno la adabu, nikawa namwambia polepole karibu na sikio, na akimaliza nampa kipande cha yai la kuchemsha. Na hapo ndipo Kifungo akafunguka akili. Siku ya nne tu, nikisema lile neno, anachuchumaa papo hapo, anamaliza, anageuza uso juu kudai yai lake. Fundi viatu mwenyewe alivua kofia.

Sasa hapa ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa, nawe nifuate taratibu, maana mimi mwenyewe nilipotea.

Mbwa ameshajua choo. Mchana kutwa niko naye ndani, hata tone. Lakini mkwe wangu akirudi kazini, hakai robo saa, Kifungo amechuchumaa. Tena si pembeni. Miguuni pake.

Mkwe wangu ni mtu mpole. Ana miaka minne kwetu na sijamsikia akipaza sauti. Hata kuomba chumvi anaomba kama yuko ofisini kwa mkubwa. Mimi nikitaka kitu nasema "lete," mwanangu anasema "nipe," yeye ni "naomba unisaidie hiki, nisaidie kile." Jioni ile ya kwanza alikuwa anakunja nguo, akaniambia, "Mama, nisaidie hicho kikapu," na kabla sijakishika, sakafu imelowa. Tukacheka. Ya pili tukacheka kidogo. Ya tatu hakuna aliyecheka.

Nikafikiri ni marashi yake. Akaacha marashi. Nikafikiri ni zile ndala zake nyekundu. Nikazificha chini ya sinki, akazitafuta wiki nzima hadi nilipozirudisha, na mimi kimya. Nikaosha sakafu kwa siki, nyumba ikanuka kama achari. Mwanangu akampeleka kwa daktari wa mifugo, daktari akamgeuza, akamminya, akasema mbwa hana neno, kibofu chake kizima kuliko cha daktari mwenyewe.

Halafu ikatokea moja iliyonimaliza kabisa. Jumapili, mkwe wangu hayupo, kaenda kwao. Mimi na mwanangu tunatazama taarifa ya habari. Mama mmoja amepanda juu ya bati, maji yamemzunguka, analia, "Jamani, tusaidieni!" Kifungo akashuka kwenye kochi, akaenda mbele ya televisheni, akaongeza mafuriko yake.

"Sasa huyu naye anamchukia?" mwanangu akauliza.

Nilishika tama. Nikasema labda kaogopa maji. Mwanangu akasema mtu anayeogopa maji hayaongezi.

Jumatano ndiyo iliyoharibu. Mkwe wangu alirudi amechoka, kliniki walijaa. Akaketi, akavua viatu vyake vya kazi, vile vyeusi anavyovipiga rangi kila asubuhi, akasema, "Mama, nisaidie tu hizo ndala, miguu inawaka moto." Kifungo akatoka mbio chini ya meza, akachuchumaa ndani ya kiatu. Sikusema kando. Ndani.

Binti wa watu akakishika kile kiatu, akakiinamisha, kikatiririka. Kisha akaniuliza, pole pole kama kawaida yake:

"Mama, nikuulize kitu. Mkiwa wawili huko chini, huyu mbwa unamwambia nini?"

Nikaruka. "Unamaanisha nini? Mimi nakaa na mbwa namfundisha akuchukie?"

"Sijasema hivyo, mama. Nimeuliza unamwambia nini."

"Mbwa ana masikio ya kusikia umbea?"

"Mama."

Mwanangu alikuwa amesimama mlangoni na bisibisi yake mkononi, anatutazama kama lifti iliyokwama katikati. Nami, nikiri tu, ningeweza kumjibu. Lakini neno lenyewe ni la chooni, hata liwe la adabu kiasi gani, na nilitamke vipi katikati ya ugomvi, mwanangu wa kiume anasikiliza? Pia nilikuwa nimekasirika. Nikabeba mbwa wangu nikaingia chumbani.

Kupitia mlango nilimsikia akisema, "Mimi nyumba hii naipenda. Lakini siwezi kukaa mahali ambapo kila jioni nakojolewa, na mimi sijui kosa langu. Nimechoka. Yule mzee anayetengeneza meno ya bandia pale kazini anamtaka huyu mbwa. Jumamosi apelekwe."

Mwanangu akasema, "Sawa."

Sawa! Neno fupi hivyo! Nilikaa kitandani, Kifungo amelala juu ya kanga yangu, anakoroma. Nikawaza ile saa ya ukutani. Nikamwaza na yule binti pia, maana si uongo, alikuwa anaonewa, na mwonevu nimempakata mimi. Nilimchunguza yule mbwa uso mzima. Nikamuuliza, "Amekukosea nini?" Akapiga chafya.

Jumamosi mwanangu aliitwa kazini, watu wamekwama kwenye jengo la benki. Ikabidi nimpeleke mwenyewe. Nikamtia kwenye kikapu cha sokoni, nikamfunika kitambaa, mfukoni nikaweka yai lake la mwisho limemenywa. Mbele ya geti fundi viatu akaniuliza, "Bibi, safari?" Nikapita kwa wanaotengeneza simu, nikapita kwa dobi na pasi yake ya mkaa, nikavuka barabara, na njia nzima kikapu kilikuwa kikavu. Kikavu kabisa, nakuapia.

Sijawahi kuingia pale kazini kwake. Kuna benchi refu, picha ya jino kubwa ukutani limekatwa katikati kama papai, na nyuma ya mlango mashine inalia kama mbu mwenye hasira. Kunanuka karafuu. Mkwe wangu yuko nyuma ya kioo, amevaa koti jeupe, nywele amezibana. Akaniona, akainamisha kichwa kidogo, akanionyesha benchi nisubiri. Mbele yake kulikuwa na mwanaume shavu limevimba kama amebana chungwa.

Nikaketi, kikapu mapajani. Kifungo akatoa kichwa.

"Nisaidie jina lako kamili," mkwe wangu akamwambia yule mgonjwa.

Nikahisi joto mapajani.

Nikatazama kikapu. Kifungo amechuchumaa. Nikasema moyoni, hata hapa? Hata kwenye kazi ya watu? Yule binti yuko mbali, kuna kioo, hana marashi, hana ndala. Mgonjwa akanong'ona jina lake kwa taabu.

"Nisaidie na namba ya simu."

Kifungo akachuchumaa tena. Hakubakiwa na kitu, maskini, anajikamua tu, miguu inatetemeka. Kisha akageuza uso, akanitazama mimi. Hakumtazama yule binti hata kidogo. Alinitazama mimi, mdomo wazi kidogo, kama anavyonitazama kule uani.

Alikuwa anadai yai.

Nikakaa vile vile na gauni langu limelowa. Kichwani mambo yakawa yanazunguka kama nguo kwenye beseni, hii juu hii chini. Yule mama wa kwenye mafuriko. Kikapu cha nguo. Ndala. Nikatega sikio.

"Nisaidie, ni jino la juu au la chini?"

Akachuchumaa.

Ewe Mola wangu. Kumbe mbwa wa watu ana utii kuliko mtoto wa shule.

Mlango ukafunguliwa, akatoka yule mzee wa meno ya bandia, mikono imejaa unga mweupe wa plasta, uso mwema. "Ndiye huyu? Loo, mzuri! Lete, bibi, nikusaidie kubeba."

Kifungo akajikunja tena, akitetemeka, akinitazama.

"Usiseme!" nikampigia kelele yule mzee. "Usiseme tena, utamuua!"

Benchi zima likageuka. Mwenye shavu akasahau shavu lake. Mkwe wangu akatoka nyuma ya kioo haraka, akaliona gauni langu, akaona kikapu kinachuruzika.

"Amefanya?" akasema. "Hata kwako?"

"Amefanya."

"Kwako, mama?" Akachuchumaa mbele yangu, akatoa kitambaa mfukoni mwa koti, akaanza kunifuta kama mtoto. "Basi si mimi?"

"Si wewe, mwanangu. Hujawahi kuwa wewe."

"Ni nini basi?"

Watu saba kwenye benchi, mzee wa watu amesimama na plasta yake, mashine nayo imenyamaza, hata daktari nadhani alikuwa anasikiliza. Na mimi nilichokuwa nacho ni neno la chooni.

Mzee akanyoosha mikono kuchukua kikapu. Mkwe wangu akamzuia kwa kiganja, hakumtazama.

"Ngoja kidogo, baba. Mama, Jumatano nilikuuliza ukanifungia mlango. Nimekaa siku tatu nikijua mama yangu mkwe hanitaki, ila amemtuma mbwa aseme. Kama kuna sababu nyingine niambie hapa hapa, nami nitambeba mwenyewe kumrudisha nyumbani. Kama hakuna, aende na huyu mzee. Ukiwa naye huko chini unamwambia nini?"

Nilimtazama. Macho yamemjaa machozi, kitambaa kimelowa mkononi mwake, na bado ameniita mama. Nikalitoa yai mfukoni nikalishika tayari, maana nilijua nikilitamka lile neno tu kiumbe kile kitadai yai lake, nikavuta pumzi, na mbele ya benchi zima nikamjibu:

"Namwambia ajisaidie."