Gatrani kwa Zbiba

Baba alisema paka atoke. Mdogo wangu Saber, hata kutambaa bado, miguu yake ilikuwa imevimba kwa kuumwa na viroboto.

"Zbiba na watoto wake, wote jalalani," akasema akivaa viatu. "Nikirudi kutoka sokoni nisiwakute."

Zbiba alikuwa amezaa watatu kwenye kapu la sufu. Fizi zao nyeupe kama chokaa. Viroboto walikuwa wanawanyonya kuliko wao walivyomnyonya mama yao.

Bibi Mbarka, mama yake baba, akacheka. "Lazhar, umekulia kwenye zizi la mbuzi, leo unakimbia kiroboto? Niachie mimi."

Akatoa chupa ya gatrani, ile lami ya kuni za mreteni anayowapaka mbuzi.

"Bibi," nikanong'ona, "daktari wa mifugo alipokuja shuleni alisema paka ana dawa yake."

"Ongea! Una tende mdomoni?"

"Paka anajilamba, bibi. Ataimeza."

"Si tunatia tone lake kwenye mtungi wa maji ya kunywa? Mbona wewe hujafa?"

Akampaka kuanzia shingo hadi mkia. Zbiba akakimbilia chini ya kitanda cha kufumia mazulia, akaanza kujilamba. Nilijaribu kumvuta, akanikwaruza.

Alasiri mate yalikuwa yanamchuruzika, na mwili unamtetemeka. Nikamsugua kwa mafuta ya zeituni, kisha kwa sabuni ya kijani na maji ya uvuguvugu. Maji yakawa meusi. Bibi alishika taulo. Zbiba akajinyoosha mara moja, akatulia.

Alipoanza kupoa, viroboto wakamtoka manyoyani, wakapanda mkono wa gauni la bibi.

"Wazima," bibi akanong'ona. "Wazima kabisa."

Baba akaingia, akaangalia. "Basi na hao wadogo wamfuate. Nani atawanyonyesha?"

Bibi akaketi mlangoni, kapu mapajani. "Mama yao nimemuua mimi. Ukitaka kuwatoa, nitoe na mimi."

"Mama, mambo gani hayo?"

"Umenisikia."

Baba akaenda kutawadha. Bibi akanigeukia. "Mjukuu wangu, ini langu, daktari alisema wadogo wafanyweje? Sema kwa sauti."

Nikamwambia: maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, kuanzia shingoni ili viroboto wasikimbilie machoni. Kisha chanuo la chawa, na kila kiroboto atumbukizwe kwenye maji ya sabuni. Wakaushwe upesi, wasipate baridi. Mablanketi yachemshwe, chini ya mikeka kufagiliwe, maana mayai yako huko, si kwa paka tu.

Mama akabandika sufuria la mablanketi. Mimi nikaosha, bibi akachana. Uchafu wa viroboto ulipolowa, maji ya bakuli yakawa mekundu.

"Hii ni damu?" bibi akauliza.

"Ndiyo, bibi. Yao."

Yule mdogo kuliko wote alikata roho mkononi mwa bibi, chanuo likiwa bado mgongoni. Bibi akamlaza kwenye kitambaa, akafuta chanuo, akanyoosha mkono.

"Nipe mwingine."